Sifa za Honi Iliyogoma

Mwenye gari la zamani ana orodha ndefu ya mateso. Kabureta huziba, breki hukamata upande mmoja, maji ya mvua hupenya kwenye mpira wa kioo na kulowesha zulia. Katika orodha hiyo honi isiyolia huwekwa mkiani, ikahesabiwa kasoro ya kuvumiliwa hadi siku ya ukaguzi. Mimi naiweka kileleni, tena kwa heshima zote. Hakuna hitilafu nyingine inayomfundisha mwenye gari mambo mengi kiasi hicho kwa gharama ndogo kiasi hicho. Injini haizimiki, breki hazipotei, hulali njiani. Honi hunyamaza tu, na ukimya wake ukifuatiliwa vizuri hueleza habari za gari zima.

Tangu mwanzo kazi ya honi ni kutanguliza habari. Mwaka 1865 sheria ya Uingereza ilitaka mtu atembee kwa miguu mbele ya chombo cha mvuke barabarani, mkononi ameshika bendera nyekundu. Magari ya petroli yalipokuja, bendera ilikwisha, na madereva wakawa wanaminya kibofu cha mpira kilichofungwa kwenye tarumbeta ya shaba. Mnamo 1908 soko la Marekani likaipata honi ya Klaxon, iliyobuniwa na Miller Reese Hutchison, mtu ambaye pia alitengeneza kifaa cha umeme cha kuwasaidia wasiosikia vizuri. Ndani ya Klaxon mlikuwa na mota iliyozungusha gurudumu la meno, na meno hayo yaligonga kitovu cha bati jembamba hadi likatoa ukelele wa kusikika mbali. Baadaye mota ikaachwa, zikabaki sumaku-umeme na bati, na huo ndio mtindo uliomo katika magari mengi tunayoyaita ya zamani leo. Namna ya kupiga kelele imebadilika, wajibu ni uleule. Honi nzima humwonya aliye mbele ya gari. Honi iliyogoma humwonya aliyekaa ndani yake.

Onyo hilo huja mapema kwa sababu ya maumbile ya honi yenyewe. Ukiifungua utakuta vitu vichache: koili ya waya wa shaba, kipande cha chuma katikati yake, bati la chuma lenye kunesa liitwalo diaframu, na pointi mbili zinazogusana. Ukibonyeza kitufe, umeme hupita kwenye pointi na kuingia kwenye koili, koili hugeuka sumaku, sumaku hulivuta bati, bati likivutika hutenganisha pointi, umeme hukatika, bati hurudi mahali pake, pointi hugusana tena. Mzunguko huo hujirudia mara mia kadhaa kwa sekunde moja, na sikio hulipokea tetemeko lote hilo kuwa sauti moja.

Sasa angalia taa. Taa ikipata umeme pungufu hufifia kidogo kidogo, jicho likaizoea, na dereva akaendesha miezi na miezi akidhani barabara ndiyo iliyozidi giza. Honi haikubali kuzoeleka hivyo. Umeme usipotosha kulivuta bati hadi pointi ziachane, utasikia mgoto mmoja mkavu, au hutasikia kitu. Kwa hiyo waya zinapoanza kuchoka, viungo vinapoanza kushika kutu, erthi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye bodi, inapoanza kulegea, honi ndiyo hugoma kwanza kwa niaba ya wenzake wote. Taa, indiketa na mota ya waipa vinaonewa vilevile, ila vinavumilia.

Mfano mzuri kuliko yote ni Volkswagen Beetle. Gari hili lilitengenezwa zaidi ya milioni 21, la mwisho likitoka kiwandani Puebla, Mexico, tarehe 30 Julai 2003. Huku kwetu Afrika Mashariki lilijijengea jina kwenye mbio za magari za Safari, zilizoanza mwaka 1953. Volkswagen ilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962, tena kwenye barabara za kawaida ambako raia, mifugo na wanyamapori walipita kama siku zote. Baadhi ya magari hayo bado yanatembea Nairobi, Arusha na Dar es Salaam, na mengi zaidi yamelala nyuma ya nyumba yakingoja mtu mwenye subira.

Honi ya Beetle imefichwa mbele, chini ya madigadi. Kwenye magari ya miaka ya 1950 na mengi ya miaka ya 1960 utaona vitundu vya duara dufu vyenye wavu, kimoja kila upande chini ya taa kubwa. Kimoja ni cha kupitishia sauti. Cha pili kiliwekwa ili sura ya gari ilingane kushoto na kulia. Kuifikia honi yenyewe lazima upige magoti, na mara nyingi ulale chali. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na honi ni mwalimu anayeanza somo kwa kumfanya mwanafunzi ainame. Hapo chini, kabla hujagusa waya hata mmoja, utakuwa umeona hali ya hozi za breki na kutu ya sakafu. Ni watu wangapi wangelala chini ya gari lao bila kuitwa?

Somo lenyewe ni la njia ya umeme. Betri ya Beetle iko chini ya kiti cha nyuma. Umeme hutoka hapo, hupita kwenye swichi na kwenye kisanduku cha fyuzi, hufika kwenye terminali moja ya honi na kukaa hapo ukingoja. Terminali ya pili ina waya wa kahawia, rangi ambayo Wajerumani waliipa erthi, unaoelekea kwenye usukani. Kitufe katikati ya usukani hakipeleki umeme kwenye honi. Kinaufungulia njia ya kurudi nyumbani, yaani kwenye bodi ya gari. Mtu akilielewa hili ameelewa nusu ya umeme wa magari. Wengi hutafuta umeme unakotoka, wachache hutafuta unakorudi, na honi humlazimisha kila mtu kutafuta huko.

Kifaa cha kupimia ni kidogo mno: balbu moja ya volti zinazolingana na za gari, waya mbili, kibanio upande mmoja na ncha kali upande wa pili. Bana upande mmoja kwenye chuma kisafi cha bodi, washa swichi ya gari, gusa terminali za honi moja baada ya nyingine huku kitufe kikiwa hakijabonyezwa. Balbu isipowaka popote, umeme haujafika. Rudi kwenye fyuzi. Ikiwaka kwenye terminali zote mbili, umeme umefika na umepita ndani ya koili na pointi salama. Ikiwaka upande wa kuingilia tu na waya wa kahawia haugusi bodi, njia imekatika ndani ya honi yenyewe. Hatua ya mwisho: chukua kipande cha waya, unganisha ile terminali ya waya wa kahawia moja kwa moja na bodi. Honi ikipiga kelele, haina kosa, na mshtakiwa yuko kati ya hapo na kitufe. Kwa balbu moja na waya moja umegawanya gari sehemu tatu na umejua ya kuichunguza. Njia hiyohiyo utaitumia kesho kwenye taa ya breki, na keshokutwa kwenye geji ya mafuta.

Fyuzi za magari haya zinastahili kutajwa kwa upendo. Ni vijiti vidogo vyenye ncha za koni, ukanda wa chuma ukiwa wazi kwa nje, vikibanwa na ndimi mbili za shaba. Ukanda unaweza kuwa mzima kabisa na umeme usipite, kwa sababu ncha zimepata ukungu wa kutu. Izungushe fyuzi kwa vidole mahali pake ilipo. Honi ikilia, umepata. Kisha itoe, sugua ncha na ndimi kwa msasa laini, kaza ndimi zilizolegea, rudisha. Usiweke fyuzi kubwa zaidi, na usiifunge kwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara ili kuilazimisha. Fyuzi ndogo ikiungua imeuokoa waya. Ukiizuia isiungue, utaungua waya, na moto wa waya ndani ya gari la zamani haukawii.

Upande wa usukani kuna siri ambayo wenye Beetle huijua kwa machungu. Chini ya nguzo ya usukani, karibu na gia ya usukani, kuna kiungo cha duara kilichotengenezwa kwa mpira na kitambaa ili mitikisiko ya barabara isipande hadi mikononi. Mpira haupitishi umeme. Kwa sababu hiyo kiwanda kiliweka waya mfupi unaoruka kiungo hicho, ili erthi ya kitufe ivuke kutoka kwenye nguzo hadi kwenye gia na bodi. Waya huo hupindwa kila dereva anapokata kona, mwaka baada ya mwaka, hadi unakatika. Ukikatika nusunusu, honi hulia gari likiwa limenyooka na hunyamaza likiwa limekata kona. Kuubadilisha ni kazi ya dakika chache. Na yule aliyeinama kuutafuta atakuwa ameushika mpira wa usukani kwa mkono wake na kuona kama umepasuka. Honi imemwelekeza kwenye kiungo ambacho maisha yake yanakitegemea.

Kuna hesabu ndogo ambayo kila mwenye gari la zamani angeifanya mara moja. Tuchukue honi inayokula ampea 4 kwenye volti 12. Ni sawa na ukinzani wa omu 3 na nguvu ya wati 48. Weka kutu yenye ukinzani wa omu 1 mahali popote njiani: mkondo unashuka hadi ampea 3, honi inapata volti 9, na nguvu inabaki wati 27. Karibu nusu imepotea kwa sababu ya kutu inayoweza kufunikwa na ukucha. Sasa rudia hesabu kwa gari la volti 6, na Beetle nyingi zilikuwa za volti 6 hadi katikati ya miaka ya 1960. Ili kupata wati zilezile 48, honi inahitaji ampea 8, yaani ukinzani wake ni omu 0.75. Kutu ileile ya omu 1 inaiachia volti 2.6 tu na wati 9 hivi. Honi inayotetema ina mambo mengi kuliko hesabu hii, lakini mwelekeo ni huo, na unaeleza kwa nini magari ya volti 6 yana sifa ya taa hafifu na honi za kunong'ona. Kutu inayovumilika kwenye gari jipya zaidi huliua la zamani.

Ndiyo maana kupima kwa mita bila kubonyeza kitufe hudanganya. Mita haivuti mkondo wa maana, hivyo hata kiungo kibovu kitaonyesha volti 12 kamili. Pima honi ikiwa inadai umeme: mtu mmoja abonyeze, mwingine asome. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya betri yenye chanya na nyingine kwenye terminali ya kuingilia ya honi. Volti utakazoziona ni zile zilizoibwa njiani. Fanya vivyo hivyo upande wa erthi. Mwizi hupatikana bila kubomoa kitu.

Kwa sisi wa pwani somo hili lina uzito wa pekee. Hewa ya Tanga, Mombasa, Unguja na Dar es Salaam ina chumvi, na chumvi hupenda mahali chuma kinapokutana na shaba, pale hasa erthi inapofungwa. Bolti inaweza kuwa imekaza sana na chini yake mkawa na unga wa kahawia usiopitisha umeme. Ifungue, sugua hadi chuma king'ae, funga tena na upake grisi kwa nje kuzuia unyevu. Gari lililoishi Nairobi au Iringa maisha yake yote likihamia pwani, honi ndiyo itakayoleta taarifa za chumvi kabla bodi haijaanza kutoboka.

Ikibainika kwamba kosa liko ndani ya honi, bado usikate tamaa. Nyigu wajengao kwa udongo hupenda tundu la honi yenye tarumbeta, na kiota kimoja kinatosha kuimeza sauti. Honi iliyofungwa ikagusana na madigadi hukoroma, kwa kuwa inatakiwa ining'inie kwenye bati lake la kunesa bila kuegemea kitu. Ikiwa ni safi na iko huru lakini bado ni dhaifu, tafuta skrubu ndogo ya kurekebishia mgongoni mwake, ambayo mara nyingi imezibwa kwa rangi au nta. Weka alama mahali ilipo, igeuze kidogo sana, bonyeza kwa muda mfupi, sikiliza. Skrubu hiyo huamua pointi ziachane lini. Zikichelewa mno, hazitaachana kabisa na koili itapata joto bure. Zikiwahi mno, bati halipati mvuto wa kutosha. Katikati kuna mahali ambapo sauti hufunguka ghafla, nene na safi. Mkono uliopapata mahali hapo umejifunza utulivu ambao baadaye utautumia kwenye pointi za distribyuta na kwenye skrubu za kabureta.

Hata honi inayolia yenyewe ina sehemu yake katika sifa hizi. Kwa kuwa kitufe cha gari kama Beetle ni cha kufungulia erthi, waya wa kahawia ukichubuka na kugusa bodi popote, honi huamini kwamba umebonyeza. Gari likipiga kelele kila linapokata kona ya kushoto, limekutajia mahali ganda la waya lilipolika. Waya wa taa ukichubuka hivyo huweza kukaa kimya hadi siku ya moshi. Honi hukwambia mbele za watu. Chomoa waya mmoja wa honi ili mtaa upumzike, kisha ufuate ule wa kahawia kuanzia kwenye nguzo ya usukani kushuka chini.

Wenye Morris Minor na Land Rover za zamani wataona mambo yaleyale kwa sura nyingine. Mengi ya magari hayo ya Kiingereza yalitoka kiwandani chanya ikiwa ndiyo erthi, na rangi za waya ni tofauti, nyeusi ikiwa ya erthi. Balbu ya kupimia haijali chanya iko upande gani. Maswali mawili yanabaki yaleyale: umeme umefika? Umepata njia ya kurudi?

Ukipeleka gari gereji, mara nyingi utasikia, "Kaka, hii achana nayo, tufunge honi mpya na rilei, unaondoka sasa hivi." Ushauri huo una ukweli wake. Rilei huondolea kitufe na waya wembamba mzigo mzito, na kwa gari linalotumika kila siku ni msaada halali. Lakini honi mpya ikifungwa kwenye erthi ileile yenye kutu italia leo na kukoroma baada ya masika. Mwombe fundi kwa adabu apime kwanza. Mafundi wazee wa Gerezani jijini Dar es Salaam na wa Mtaa wa Kirinyaga, Nairobi, wamezikuta honi hizi zikiwa mpya, na ukimwambia mmoja wao, "Mzee, nimeshaunganisha terminali ya pili na bodi na imelia," ataacha habari za kuuza honi na mtaongea habari za erthi. Honi imewapa lugha moja.

Gari lisiwe barabarani muda mrefu bila honi. Sheria inaitaka, na mtoto anayekimbilia mpira anaihitaji. Kwa hiyo itengeneze mapema, na ikishalia usifunge mfuko wa vifaa. Siku hiyohiyo kasafishe erthi za taa za mbele, erthi ya indiketa, kamba ya betri mahali inapofungwa kwenye bodi, na ule mkanda wa erthi kati ya gia boksi na bodi ambao mota ya stata inautegemea. Mwite kijana wa nyumbani ashike balbu, umweleze kila inapowaka na inapokataa. Anayeufuata mgomo wa honi hadi mwisho hujua kila mahali umeme unapoingilia na unaporudia kwenye gari lake, na hakuna atakayemuuzia tena kitu asichokihitaji.